Plagi za pini mbili ni hatari majumbani

Ndugu Mhariri,

Soketi zinazotumika Tanzania na Kenya, ambazo tumezirithi kwa Waingereza, zina matundu matatu ya pembe nne, na pini ndefu ya juu ya plagi, iliyo ya waya wa ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja), ndiyo inayofungua vizibo vya matundu mawili ya chini. Hata hivyo, wengi wetu hununua pasi yenye plagi ya pini mbili za mviringo, kisha tukachokonoa tundu la juu kwa kalamu, tena mbele ya watoto, ili iingie. Plagi hiyo haina fyuzi ndani yake, hulegea, pasi hubaki bila ethi, na soketi inaweza kupata moto hadi ikayeyuka. Wauza maduka waagize vifaa vya pini tatu, nasi tuvikatae vingine hata vikiuzwa bei chee.

Msomaji wako,
Tanga