Usikate hayo maandishi ya chini

Malalamiko ni yale yale, kwamba sisi tunaotambua chapa za kale, yaani picha zilizochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, tunalipisha hela nyingi kwa kuangalia picha tu. Juzi mteja kaandika kabisa kuwa tumemwibia, eti programu ya simu ilimwambia bure kuwa kwenye chapa yake ni Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, halafu sisi tukamlipisha kumwambia ni Callisto, binti mfuasi wa Diana.

Chapa yenyewe ni wanawake wawili wamekaa msituni, mmoja kamshika mwenzie kidevu, ana mwezi mchanga kichwani na podo la mishale. Mwezi na mishale ni Diana, mungu wa kike wa uwindaji, hapo wengi wanafika. Ila nyuma yake, kwenye giza la majani, kuna tai kashika radi kwa kucha, na tai ni ndege wa Jupiter, mfalme wa miungu. Yaani huyo siyo Diana, ni Jupiter kajigeuza Diana ili ampate Callisto, kisa kimo kwenye Metamorphoses ya Ovid, mshairi wa Kirumi, kitabu cha 2. Simu imeona mwanamke uchi ikasema Venus basi.

Mwingine alitubishia kwamba shujaa aliyepanda farasi wa mabawa lazima awe Bellerophon, siyo shujaa mwingine Perseus, kwa sababu Ovid anamrusha Perseus kwa viatu vyenye mabawa. Kwa Ovid yuko sahihi, lakini wasanii wa karne ya 17 walishazoea kumpa Perseus yule farasi, Pegasus, hata mchoraji Rubens kafanya hivyo, kwa hiyo sisi tunaangalia mwambani kwanza: kuna mwanamke kafungwa, huyo ni Andromeda, aliyeokolewa na Perseus, na ngao yenye kichwa cha Medusa, aliyeuawa na Perseus, inamaliza ubishi.

Kinachotuumiza zaidi ni mkasi. Mtu kanunua fremu ya bei rahisi, chapa haiingii, anakata ukingo wa chini. Jamani, pale ndipo penye kila kitu! Invenit ni aliyebuni, sculpsit aliyechonga bamba la shaba, excudit mchapishaji, na mara nyingi kuna beti za Kilatini zinazotaja kisa chenyewe. Hapa Antwerp, Ubelgiji, chapa alizosimamia Rubens zilibeba maneno cum privilegiis, yaani zile haki za kuzuia wanaonakili alizopata 1619 na 1620. Ukishakata, tunabaki kubahatisha kama ni ya Rubens au nakala. Nakala nyingi zilitoka zimegeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo shujaa akishika upanga kwa kushoto tunashtuka, ingawa hilo peke yake halitoshi maana hata chapa halisi inaweza kuugeuza mchoro wake.

Kuna chapa ya shujaa Hercules ililetwa haina ukingo kabisa, ikabidi tutafute chapa nzima kwenye katalogi ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, mtandaoni na kulinganisha mstari kwa mstari, bili ikapanda, na thamani ilikuwa imeshashuka tayari.

Ukituma picha, zionekane kingo zote na upande wa nyuma, na moja ipigwe karatasi ikiwa mbele ya taa tuone alama ya maji, yaani ile alama iliyo ndani ya karatasi yenyewe. Haiingii kwenye fremu? Tutatengeneza fremu yake, chapa haiguswi.