Jumamosi: mashimo meusi, Iyumbu

Wadau, habari za jioni. Jumamosi saa 2 usiku tukutane Iyumbu kutazama nyota, mbali na taa za mjini. Bebeni masweta, upepo wa Dodoma mwezi huu wa Julai hauna adabu.

Nimeulizwa tena shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hadi mwanga hauwezi kutoka, linang'aaje. Lenyewe haling'ai. Gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa husuguana, ikapata joto kali, na wakati mwingine mwanga wake huzidi nyota zote za galaksi yake. La galaksi ya M87, ambalo picha yake ilitolewa 2019, lina uzito wa Jua mara bilioni 6.5! Letu la Njia Nyeupe, galaksi yetu, ni mara milioni 4 hivi, na linakula gesi kidogo mno, hivyo gesi yake haing'ai sana. Tutatazama upande wake tu, kwenye kundinyota la Mshale.

Mwenye nafasi kwenye gari aseme hapa.