"Naendelea vizuri" humponza mgonjwa

Mhariri,

Wagonjwa wengi wa saratani humjibu daktari "naendelea vizuri" kwa adabu tu, kumbe dozi hupangwa kwa kile anachoambiwa. Maumivu yatajwe kwa namba, 0 (hakuna) hadi 10 (makali kupita yote), pamoja na yako wapi, huanza lini, dawa iliyatuliza kwa saa ngapi. Ganzi ya vidole isifichwe, maana baadhi ya dawa huharibu neva, na dozi huweza kupunguzwa kabla ganzi haijawa ya kudumu. Mitishamba nayo itajwe, hata kama daktari atakunja uso.

Maswali yaandikwe. Matatu yatosha, la kwanza likiwa: tiba hii inalenga kuponya au kudhibiti? Kisha rudia jibu kwa maneno yako. Ukikosea atakusahihisha papo hapo.

Lisilongoja miadi ni homa ya nyuzi joto 38 au zaidi baada ya kemotherapi (dawa za kuua seli za saratani). Chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, mara nyingi hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na maambukizi huweza kuua kwa muda mfupi. Usianze kwa kumeza parasetamoli, huficha homa. Piga simu hospitali, hata usiku wa manane.

Wauguzi wa saratani