Salamu za Noeli kwa walio angani na walio chini yao

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Kwa wenzetu Waislamu, asalaam aleikum. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwa wote tuliowahi kuvaa kofia ya bluu ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kwa wake zetu, kwa wajane wetu, na kwa watoto waliozoea kula pilau la sikukuu baba hayupo. Mwenyezi Mungu ametuvusha, ingawa kwa kupapasa. Mchele umepanda, mafuta yamepanda, na hela iliyokuwa inavalisha watoto watatu sasa inamvalisha mmoja. Tunashukuru kwa uzima.

Safari hii naanza na watu ambao sisi wa miguu hatuwataji sana: vikosi vya helikopta za mashambulizi wanaotumwa nje ya nchi zao. Wengi wetu hatukuwahi kuona sura zao. Tuliwajua kwa mlio.

Waliokuwa Kivu, mashariki mwa Kongo, mwaka 2013 wanakumbuka. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama lilituweka sisi Watanzania, Malawi na Afrika Kusini katika brigedi moja, na Afrika Kusini wakaja na Rooivalk zao kutoka Bloemfontein. Helikopta nyembamba, mpiga silaha mbele, rubani nyuma yake, kama watu wawili ndani ya mtumbwi. Tarehe 4 Novemba zilifyatua roketi kwenye ngome za waasi wa M23 huko Chanzu, na ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuingia vitani tangu ziundwe. Kesho yake M23 wakatangaza kuacha vita. Sisemi ni kazi yao peke yao. Jeshi la Kongo lilipigana, na watoto wetu walilala matopeni. Lakini aliyewahi kulalia tumbo huku risasi zikipita juu yake anajua moyo unavyorudi mahali pake ukisikia mlio ule unatokea mgongoni.

Watu hudhani kazi ile ni ushujaa wa kupaa tu. Mji wa Goma, huko Kivu, uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, na mapanga ya helikopta yanapata taabu kuinua mzigo. Ukijaza mafuta, unapunguza roketi. Hayo hufanyiwa mazoezi nyumbani muda mrefu, hata usiku kwa miwani ya gizani, hadi rubani na aliyeshika redio huku chini waelewane kwa maneno machache. Maana kilima cha adui na kilima chetu, ukivitazama kutoka juu, vinafanana.

Mkesha wa Krismasi, pale uwanja wa ndege wa Goma, nilimkuta fundi wao amepiga goti kwenye mvua. Kila nati ilikuwa na mstari mdogo wa rangi uliovuka hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imejizungusha. Alizipitia moja moja kwa ncha ya kidole: anafuta maji, anatazama, anahamia nyingine. Nilimtakia heri. Akaitikia bila kuinua uso, kidole bado kiko kwenye nati.

Walio angani nao hufa. Februari 2023 helikopta ya uchukuzi ya Afrika Kusini, aina ya Oryx, ilipigwa risasi angani, mmoja wao akafariki, mwenzake akajeruhiwa, na bado ikafika Goma ikatua.

Desemba kwangu ina uzito wake. Tarehe 7 Desemba 2017, kambini Semuliki, mashariki mwa Kongo, tulishambuliwa tukapoteza wenzetu 15. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema wazi kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wala kuwatoa, na kwamba huduma ya anga ilipungua. Mmoja wao tulilala hema moja 2013. Alikuwa na masikio makali, kabla yetu sote kusikia chochote, aliinua kidole na kusema, "Wanakuja." Najiuliza kama usiku ule aliinua kidole. Waliorudi hai wapo, ila sijathubutu kuwauliza.

Kwa hiyo wakubwa wetu, nawasihi kwa jina la aliyezaliwa zizini: msimpeleke mtoto wa mtu porini kabla hamjajua helikopta gani itamfuata, saa ngapi, na nani ataipa ruhusa ya kuruka gizani. Marubani mlio mazoezini, rudieni hadi mchoke, kisha rudieni tena. Mafundi, asiwaharakishe mtu mwenye cheo. Na sisi tulio nyumbani, tuache kuwakumbuka wanajeshi siku ya jeneza tu. Piga simu, peleka sukari, muulize mtoto ada imefikia wapi. Imani isiyobeba kitu mkononi ni kelele.

Mungu awabariki nyote, awalinde walio angani na walio chini yao, awape mwaka wa amani na baraka tele. Mimi tarehe 24 asubuhi nitapeleka mchele kwa mjane wa mwenzangu, kabla hajaanza kuwaza atapika nini.