Safari ya Mama hadi Toronto

Arua, Jumatano usiku

Somo yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Ujumbe wako kuhusu ile tiketi ya kupitia Doha nimeusoma mara tatu, na kabla hujalipa nakuomba unisikilize.

Kweli bei yake ni nafuu. Lakini ipime kwa miguu ya Mama. Kutoka Entebbe hadi Toronto kwa njia fupi kabisa ya angani ni karibu kilomita 11,750, na ndege ya moja kwa moja hakuna. Ukipitia Doha unakwenda kwanza kaskazini mashariki, ndipo ugeuke magharibi; jumla inapita kilomita 14,300, na kipande cha pili peke yake ni kama saa kumi na nne kitini. Ukipitia Amsterdam ni kama 12,350, na safari inakatika katikati: saa nane na kitu, unashuka, unanyoosha mgongo, kisha nane nyingine. Juzi Mama alirudi kutoka mazishini Nebbi, saa mbili tu ndani ya taksi, na miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vikakataa kuvuka kisigino. Nilimkanda kwa maji ya moto ya chumvi mpaka akasinzia.

Tena safari yake haianzii Entebbe. Kuna basi la kwenda Kampala kupitia Pakwach na Karuma, karibu kilomita 480, halafu 40 nyingine hadi uwanjani. Nataka afike siku moja kabla, alale kwa shangazi.

Jambo jingine ni saa. Mwaka jana tulimsindikiza mjomba wangu. Tiketi iliandikwa tarehe 14, 00:35. Sisi tukafika Entebbe tarehe 14 saa tatu usiku, kumbe ndege ilikwisha kuondoka usiku wa kuamkia hiyo 14. Bado namwona amekaa juu ya sanduku lake, pasipoti mkononi, haulizi kitu. Kwa hiyo ukishakata tiketi usinitumie tarakimu peke yake. Niandikie: "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, saa sita na nusu." Hapo Mama mwenyewe ataelewa.

Mwombee pia kiti cha magurudumu wakati unapokata tiketi, hakilipiwi. Na kati ya ndege na ndege mwachie saa tatu au nne, asikimbizwe. Wakati wa kurudi itakuwa nafuu kidogo, maana upepo wa juu kule unavuma kutoka magharibi na ndege itasukumwa nao mgongoni. Kuvuka bahari kunapungua karibu saa nzima.

Ameshasaga simsim ya kukuletea. Kila jioni ananiuliza kwako ni saa ngapi. Leo saa tatu usiku nimemwambia kwako ni saa nane mchana. Akanyamaza kidogo, akasema tusikupigie, uko kazini.

Somo yako