Vifaa vya michezo ya Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tunakutana Coco Beach saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Hatukodi chochote; vifaa vyote vimo majumbani mwetu.

Mchezo ninaousubiri zaidi ni wa khanga. Tunaitandaza mchangani, watu 6 wanasimama juu yake, kisha wanaigeuza upande wa pili bila mguu wa yeyote kugusa mchanga. Khanga ina urefu wa mita 1 na nusu hivi, kwa hiyo lazima mshikane, mmoja aongoze na wengine wamsikilize. Hapo utamjua anayepanga na anayekimbilia kuvuta tu. Leteni zilizochakaa, tafadhali, za sare ziacheni kabatini.

Tutacheza rede pia: mpira wa soksi kuukuu, na chupa tupu ya kujaza mchanga huku unakwepa mpira unaorushiwa. Kaka zangu, msikae pembeni mkisema ni mchezo wa wasichana. Ndimu na vijiko vya mbio za ndimu naleta mimi.

Bado tunahitaji kamba nene ya katani ya kuvutana, maana ya nailoni inachubua viganja. Mwenye nayo aandike hapa leo. Chupa zote tutaondoka nazo.