Wekundu wa Magadi si bakteria

Mhariri,

Kila wekundu wa Ziwa Magadi unapoandikwa magazetini, tunaambiwa umeletwa na "bakteria wanaopenda chumvi". Hao kwa sehemu kubwa ni arkea, vijidudu vya seli moja vya kundi lao wenyewe, na kwa ukoo arkea wako karibu na sisi binadamu kuliko walivyo karibu na bakteria.

Jina ndilo linalopoteza watu. Mwaka 1984 spishi moja ya ziwa hilo iliitwa Natronobacterium gregoryi, kumuenzi J. W. Gregory, mwanajiolojia wa Bonde la Ufa. "Bacterium" imo humo, ingawa tangu 1977 wanabiolojia Carl Woese na George Fox walikwishaonyesha kwa RNA ya ribosomu (sehemu ya kiwanda cha protini cha seli) kwamba arkea ni kundi la peke yake. Kanuni za majina haziruhusu kufuta jina halali eti kwa kuwa halifai. Kinachoweza kulibadili ni uainishaji: Natronobacterium magadii ilihamishiwa jenasi (kundi la spishi za karibu) Natrialba mwaka 1997, "magadii" ikabaki. Kinyume chake, spirulina wanayokula heroe wa Ziwa Bogoria huitwa mwani, kumbe ni bakteria kamili.

Kosa hili hufika hadi maabara. Ukisuuza tone la maji ya Magadi kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kulipaka rangi ya Gram (ya kutofautisha bakteria kwa kuta zao), utaona uchafu tu kwenye hadubini. Seli zimepasuka, kwa kuwa ukuta wao hauna peptidoglikani, kiungo cha kuta za bakteria, na hushikiliwa na chumvi yenyewe. Kausha tone, kisha liloweke katika asidi ya asetiki ya asilimia 2, ndipo upake rangi. (Kwa ukuta huohuo, penisilini haiwadhuru.)

Kwenye PCR, mbinu ya kunakili DNA, ni vilevile. Praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia kunakili) 27F ilitengenezwa kwa bakteria na haishiki vizuri jeni ya 16S ya arkea, ile ya RNA ya ribosomu. Mara nyingi utakachokuza ni bakteria wachache waliomo au waliotoka mikononi mwako, na ripoti itasema "bakteria wa Magadi". Tumia praima za arkea, mfano 21F. Usome jeni nzima, herufi 1,500 hivi. Mfanano ukiwa chini ya asilimia 98.7 na spishi zinazojulikana, huenda una spishi mpya. Ukizidi hapo, usikimbilie kusema ni ileile: jeni hiyo ya bakteria Escherichia coli na Shigella, wenye majina tofauti, hufanana kwa zaidi ya asilimia 99. Linganisha jenomu nzima, yaani DNA yote. Hapo mpaka wa spishi ni mfanano wa wastani wa asilimia 95 hadi 96. Na jina jipya halikubaliwi rasmi mpaka kiumbe hai kihifadhiwe katika hazina mbili za vijidudu, kila moja katika nchi yake.

Ombi letu kwa dawati la sayansi ni dogo: andikeni "arkea", jenasi kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, zote kwa mlazo.

Walimu wa mikrobiolojia,
Nakuru